Sauti ya Kontratena na Mwalimu Asiyepatikana Lubumbashi

Mwaka 2014 wapenzi wa opera wa Ulaya walimwona jukwaani mwanamume Mkongo akiimba Händel na Vivaldi kwa sauti ya juu, huku wanamuziki wa Kinshasa wakipiga likembe, balafoni na magitaa ya umeme, mbele ya pazia ambalo msanii Freddy Tsimba alikuwa amelitengeneza kwa maganda ya risasi. Onyesho liliitwa Coup fatal. Mwimbaji alikuwa Serge Kakudji, mtoto wa Katanga aliyezaliwa mwaka 1982. Wengi walishangaa kwamba sauti ya namna ile imetoka Lubumbashi, na mimi naona hilo halikuwa la kushangaza hata kidogo. Pita Jumapili asubuhi kwenye mitaa ya mji huo kama Kenya, Katuba, Kamalondo au Ruashi, utasikia kwaya, Katoliki kwa Methodisti, zikiimba kwa sauti nne bila kuyumba. Kakudji alianzia huko, kwenye kwaya za kanisa, kisha akaikuta opera kwenye televisheni na kuanza kuiga alichokisikia. La kushangaza ni lililofuata: ilimlazimu kwenda hadi Namur, Ubelgiji, kwenye chuo cha muziki cha IMEP, ili ampate mtu wa kumfundisha kuitumia sauti aliyokuwa nayo tayari. Kipaji kilikuwa nyumbani. Mwalimu ndiye aliyekuwa mbali, na hadi leo kijana wa Lubumbashi anayetaka njia hiyo anakabiliwa na umbali uleule.

Kwa nini mwalimu, wakati wanakwaya wanaimba vizuri bila yeye? Jibu liko kwenye maumbile ya sauti yenyewe. Mpiga gitaa anaviona vidole vyake, na kinanda kikikosea noti kinakosea mbele ya macho ya mpigaji. Nyuzi za sauti ziko kooni, hazionekani, na ili kutoa noti ya la ambayo okestra hutumia kupatanisha vyombo, hugongana mara 440 kwa sekunde moja. Hakuna anayeweza kuziamrisha moja kwa moja. Mwimbaji huzifikia kwa kuzunguka: kwa pumzi, mbavu, taya, ulimi, umbo la mdomo. Tena hajisikii kama wengine wanavyomsikia, kwa sababu sehemu ya sauti yake humfikia sikioni kupitia mifupa ya kichwa. Ndiyo maana kila mtu huikana sauti yake anaposikia rekodi yake kwa mara ya kwanza. Kinachosikika kinono ndani ya kichwa mara nyingi kimezibwa kwa wasikilizaji wa nyuma. Mwalimu wa sauti ni sikio la nje. Humsimamisha mwanafunzi, humfundisha kuzuia mbavu zisianguke mapema ili pumzi itoke kidogokidogo, humsikiliza, humkatiza, humrudisha mwanzo. Baada ya miaka ya kazi hiyo sauti hujaza ukumbi bila kipaza sauti. Waimbaji wa tenori na besi waliofunzwa hukusanya nguvu ya sauti yao karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, eneo ambalo okestra haina nguvu nyingi, kwa hiyo wanasikika juu ya vyombo hamsini bila kupiga kelele. Kontratena, yaani mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu kama Kakudji, ana kazi nyingine: nyuzi zake hutetemeka kwenye kingo tu, na lazima aiimarishe sauti hiyo nyembamba mpaka ibebe hisia zote za wimbo.

Wapo watakaosema kwamba huu ni muziki wa wakoloni, na kwamba Lubumbashi haina sababu ya kuulilia. Pingamizi hili lina uzito, kwani kwaya hizi zililetwa na misheni. Padri Mbenediktini Anschaire Lamoral ndiye aliyeunda kwaya ya wavulana ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, iliyokuja kujulikana kwa jina la msalaba wa shaba, yaani ule msalaba uliokuwa fedha ya Katanga kabla ya Wazungu. Lakini tazama waliofuata walifanya nini na walichopewa. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, alisomeshwa na wamisionari, akawa mpiga kinanda, mtunzi na mwalimu wa muziki mjini hapo, akaandika misa yenye jina la Katanga. Serikali ya Moïse Tshombe ilipoitenga Katanga na Kongo mwaka 1960, Kiwele ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wake wa taifa, na akashika wizara ya elimu hadi alipofariki mwaka 1961. Mtu anaweza kuilaani siasa ile, na wengi wanailaani, lakini hawezi kusema Kiwele alikuwa kasuku. Kamina nako, mwaka 1958, vijana na walimu waliokusanywa na padri Guido Haazen waliimba Misa Luba, wakikivisha Kilatini sauti za Kiluba kiasi kwamba Kyrie ikafuata mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo. Ulimwengu uliisikia kupitia sahani na baadaye filamu ya Kiingereza, ingawa jina lililobaki midomoni ni la padri, na waimbaji wengi hawakumbukwi kabisa.

Wengine husita mbele ya mwanamume anayeimba kama mwanamke. Kwa Wakongo hoja hiyo ni dhaifu mno. Nchi iliyomlilia Papa Wemba mwaka 2016, na iliyokuwa imempenda Tabu Ley kabla yake, imekuwa ikishangilia sauti za juu za wanaume kwa zaidi ya nusu karne.

Pingamizi gumu kuliko yote ni hili: je, mafunzo ya opera hayafuti ladha ya nyumbani? Yanaweza. Kiluba ni lugha ya toni. Ukipandisha silabi pasipostahili, maana hupotea, na mwimbaji aliyezoea Kiitaliano tu anaweza kuipandisha bila kujua. Kutetemesha kila noti ndefu pia kunaweza kuuharibu wimbo wa kijijini. Lakini ushahidi wa Kakudji unaelekea upande mwingine. Mwaka 2006 alisikika kwenye Dinozord ya Faustin Linyekula, mcheza dansi wa Kisangani, kazi iliyowakumbuka wafu wa Kongo. Mwaka 2008 alikuwemo kwenye pitié! ya mwongozaji wa dansi Alain Platel, ambamo mtunzi Fabrizio Cassol aliufuma upya muziki wa Bach wa Mateso kwa mujibu wa Mathayo. Kwenye Coup fatal, Cassol na mpiga gitaa Rodriguez Vangama walikutanisha muziki wa zamani wa Ulaya na midundo ya Kinshasa, na mafunzo ya mwimbaji ndiyo yaliyomwezesha kusimama katikati bila kumezwa na upande wowote. Asiyekuwa na mbinu angelazimika kupaza sauti ashindane na magitaa.

Iliyobaki ni hoja ya pesa: kwamba mji ambao mishahara huchelewa hauwezi kugharimia anasa. Mafunzo ya sauti, kinyume na violini, hayahitaji kununua chombo kutoka nje. Chumba, kinanda cha umeme hata kilichochakaa, na mtu mwenye sikio lililofunzwa vinatosha kuanzia, na wanaonufaika si wa opera tu. Mwalimu wa shule anayezungumza siku nzima mbele ya darasa lililojaa, mhubiri, mwimbaji wa solo anayekaukiwa sauti kila baada ya Pasaka, wote wana nyuzi zilezile na wanaziumiza kwa makosa yaleyale. Video za intaneti zitawaonyesha mazoezi. Hazitawasikia. Lamoral na Kiwele walikaa mji mmoja kwa miaka mingi wakiwasikia vijana walewale wakikua, na warsha ya siku chache ya mgeni anayepita haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu kosa la sauti huonekana limetibiwa Jumatatu na kurudi Alhamisi, mgeni akiwa ameshapanda ndege.