Jinsi Kirungu na Mpira Vinavyosema na Mashine ya Michezo

Mwaka huu sikuleta hadithi wala shairi. Nimeleta nyaya, rezista na mpira. Sababu ni hii: katika mjadala wa muhula wa pili, wapinzani wetu walidai kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya methali na taarab, lakini ukikipeleka maabara ya Fizikia kinaishiwa na pumzi. Tulijibu kwa maneno matupu, nao wakatushinda kwa kura. Makala haya ni jibu langu la pili. Wewe ndiwe hakimu.

Nitazungumzia mashine za michezo ya video za zamani, hasa ile ya kampuni ya Atari ya Marekani iliyotoka mwaka wa 1977 na baadaye ikajulikana kama Atari 2600. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu, yaani haingetosha hata kuhifadhi aya hii. Mchezaji alipozungusha kirungu, mashine maskini kama hiyo ilijuaje amekizungusha kiasi gani, na upande gani?

Kijiti cha kawaida cha kuchezea ni rahisi kuelewa. Ndani yake mna swichi nne za pande nne na nyingine ya kufyatulia. Ukisukuma kushoto, swichi ya kushoto inafunga saketi, basi. Mashine inapata "ndiyo" au "la". Lakini "ndiyo" haiwezi kusema "kidogo tu" wala "sana". Mchezo kama Pong, uliotoka mwaka wa 1972, ulitaka kigongo kisimame pale pale mchezaji anapotaka. Hapo ndipo kirungu kilipohitajika.

(a) Kirungu chenye mwisho

Hiki kiliitwa padeli. Ndani yake mna rezista ya kubadilika, ndugu wa ile iliyo chini ya kirungu cha volyumu cha redio. Ukizungusha, kidole cha chuma kinateleza juu ya ukanda wa kaboni. Umeme ukipita sehemu ndefu ya ukanda, ukinzani huwa mwingi. Ukipita sehemu fupi, ukinzani hupungua. Padeli ya Atari iliweza kufikia takriban om milioni moja.

Tatizo ni kwamba mashine ya dijitali haijui kupima ukinzani. Inajua kuhesabu tu. Wahandisi wakatumia hila ambayo mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Tatu aliyesoma kapasita ataielewa. Hebu weka ndoo chini ya mfereji. Mfereji ukifunguliwa sana, ndoo hujaa haraka. Ukifunguliwa kidogo, utangoja hadi kengele ilie. Huhitaji hata kuutazama mfereji. Hesabu sekunde, na utajua umefunguliwa kiasi gani. Kapasita ndiyo ndoo, rezista ndiyo mfereji. Mashine inamwaga kwanza umeme wote ulio katika kapasita, kisha inauacha uingie tena kupitia padeli huku ikihesabu.

Inahesabu nini? Televisheni za wakati huo zilichora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Kule Marekani picha moja ilikuwa na mistari 262, na picha 60 zilichorwa kila sekunde. Mstari ukipita, programu inauliza, "Imejaa?" Bado. Mstari mwingine, "Imejaa?" Bado. Tuseme imejaa kwenye mstari wa 50: kirungu kiko karibu na upande mmoja. Ikijaa kwenye mstari wa 150, kirungu kimezungushwa mbali zaidi. Ukinzani umegeuzwa kuwa muda, na muda umegeuzwa kuwa namba.

Kasoro iko kwenye ule ukanda, kwani huchafuka na kuchakaa. Redio ya nyanya yangu ilikuwa ikikwaruza kila ukigusa volyumu. Fundi wa mtaani aliifungua, akapuliza dawa ya kusafishia, akazungusha kirungu mara nyingi, na kelele ikaisha. Uchafu kama huo ndani ya padeli hausikiki, bali unaonekana. Kigongo hutetemeka kwenye kioo kama mtu mwenye homa, kwa sababu ukinzani unarukaruka na hesabu inabadilika.

(b) Kirungu kisicho na mwisho

Padeli hufika mahali ikagoma, lakini usukani wa gari la mashindano lazima uzunguke na kuzunguka. Mwaka huo huo wa 1977 Atari ilitoa mchezo wa Indy 500 pamoja na kirungu chake. Kwa nje kilifanana na padeli kama pacha, hata plagi ilikuwa ile ile. Ndani, hata hivyo, hamkuwa na ukanda wa kaboni. Mlikuwa na swichi mbili, tuziite A na B, zinazofunga na kufunguka kirungu kinapozunguka. Iliyofungwa tuiandike 1, iliyo wazi tuiandike 0. Ukizungusha upande mmoja unapata 00, 01, 11, 10, kisha 00 tena. Ukigeuza upande wa pili unapata 00, 10, 11, 01.

Tazama vizuri. Kila hatua inabadilisha tarakimu moja tu. Mpangilio huu huitwa msimbo wa Gray, kwa jina la Frank Gray wa maabara za Bell nchini Marekani. Utauliza, mbona wasihesabu kawaida: 00, 01, 10, 11? Kutoka 01 hadi 10 tarakimu zote mbili hubadilika, na hakuna swichi mbili zinazobadilika kwa pamoja kabisa. Moja ikitangulia hata kidogo, mashine itasoma 00 au 11, na gari litaelekea kusiko.

Padeli husema "niko hapa", kama jiwe la maili kando ya barabara. Kirungu cha usukani husema tu "nimesogea hatua moja", kama konda anayehesabu vituo. Konda akiruka kituo kimoja, hesabu yote imeharibika. Ndiyo maana ukichomeka padeli na kucheza Indy 500 gari halitapinda, ijapokuwa plagi imeingia sawasawa. Kila mlango na ufunguo wake.

(c) Mpira

Mpira wa kuviringisha kwa kiganja ulipata umaarufu katika michezo ya kumbi kama Missile Command (1980) na Centipede (1981). Wazo lenyewe ni kongwe zaidi: mwaka wa 1952 mradi wa jeshi la wanamaji la Kanada ulitumia tufe la mchezo wa bowling kwa kazi hiyo.

Mpira hugusana na rola mbili zilizowekwa kwa pembe mraba, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya mbele na nyuma. Ukiuviringisha kimshazari, zote mbili huzunguka, kila moja kwa kiasi chake. Mwisho wa kila rola pana kisahani chenye meno kama ya kitana. Upande mmoja pana taa ndogo, upande wa pili macho mawili ya elektroniki yaliyopishana kidogo. Meno yakipita, mwanga huzibwa na kuachiliwa, na macho yanatoa 00, 01, 11, 10. Si unaona? Ni wimbo ule ule wa usukani!

Mimi sijawahi kushika Atari. Lakini mwalimu wetu alitupa kipanya kibovu cha kompyuta, kile cha zamani chenye mpira tumboni. Tulipokifungua tulikuta mpira, rola mbili na visahani vyenye meno. Kumbe kipanya kile ni mpira wa kuchezea uliolazwa kifudifudi!

Hatari ni mwendo. Kirungu cha usukani hutoa hatua 16 kwa mzunguko. Mashine ikikitazama mara 60 kwa sekunde, gawa 60 kwa 16: mpaka ni mizunguko 3.75 kwa sekunde. Ukizidisha, itaona 00 kisha 11, isijue kama ulipitia 01 au 10. Ukizidisha zaidi, itadhani unarudi kinyumenyume. Mpira una hatua nyingi kuliko hizo, kwa hivyo programu yake lazima iutazame mara nyingi ndani ya picha moja.

Basi hakimu, amua. Ni kweli nimetumia rezista, kapasita na rola, maneno yaliyotoka nje. Hata meza unayoandikia na shati ulilovaa majina yake yalitoka nje, na leo ni wenyeji. Ukiwa na kipanya kibovu nyumbani, usikitupe. Kilete chamani tukifungue pamoja, kisha utueleze kwa Kiswahili ulichokiona.