Misingi ya Kibayokemia ya Upotevu wa Rangi ya Ngozi katika Mbalanga: Mafunzo kwa Sera ya Afya mjini Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inafafanua michakato ya kibayokemia inayosababisha mbalanga na kuitofautisha na ukoma na ualbino. Inahoji kwamba kuchanganya hali hizi huwaumiza wagonjwa, na inapendekeza hatua kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Buyenzi na Bwiza ni mitaa ya Bujumbura ambamo Kiswahili ni lugha ya kila siku tangu vizazi vilivyopita. Kiswahili kina neno mbalanga kwa mabaka meupe ya ngozi. Neno barasi, lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana ya mbalanga na ya ukoma pia. Utata huo si wa msamiati tu. Mtu asiye na ukoma hutengwa bila sababu, na mwenye ukoma anayedhaniwa kuwa na mbalanga huchelewa kupata dawa mseto, ambazo zimetolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995, huku neva zake zikiharibika.

2. Kutengenezwa na kupotea kwa rangi

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Ndani yake, kimeng'enya cha tirosinesi hubadili asidiamino ya tirosini kuwa dopa, kisha dopakwinoni, ambayo hatimaye huwa melanini. Kazi hiyo huzalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo ikizidi ni sumu kwa seli. Katika ngozi yenye mbalanga, peroksaidi imeonekana kurundikana, na katalasi, kimeng'enya kinachoivunja, kupungua.

Melanosaiti iliyoelemewa hutoa ishara za dhiki, nazo seli T za kinga huishambulia. Seli hizo hutoa interferoni-gama, ambayo kupitia vimeng'enya vya JAK huzifanya seli jirani za ngozi zitoe kemokini za kuita seli T zaidi. Hivyo doa hupanuka. Krimu ya ruksolitinibu, inayozuia JAK na kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 2022, hurejesha rangi kwa baadhi ya wagonjwa, jambo linalothibitisha nafasi ya mnyororo huo.

Kwa hiyo mbalanga ni kuuawa kwa seli na kinga ya mwili wenyewe; haiambukizi. Katika ualbino melanosaiti zipo, ila jeni zilizorithiwa huzizuia kutengeneza melanini ya kutosha. Ukoma husababishwa na bakteria. Doa lake hufifia bila kuwa jeupe kabisa, na mara nyingi hufa ganzi.

3. Kemikali zinazochochea

Mwaka 1939 iliripotiwa nchini Marekani kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi walipoteza rangi ya mikono kutokana na monobenzoni iliyokuwa katika glavu za mpira. Mwaka 2013 nchini Japani, vipodozi vyenye rododendroli viliondolewa sokoni kwa madhara kama hayo. Kemikali zote mbili ni fenoli zinazofanana na tirosini: tirosinesi huzipokea na kuzigeuza kuwa kwinoni zinazodhuru melanosaiti. Haidrokwinoni, inayotumika katika krimu za kujichubua, ni ya jamii hiyo hiyo, na imehusishwa na mabaka meupe pamoja na weusi sugu wa ngozi.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila doa lililopoteza rangi lipimwe hisia kwa kipande cha pamba kabla ya kupewa jina. Kipimo hicho kinawezekana katika zahanati yoyote. Pili, Kiswahili cha afya kitenge mbalanga na ukoma bila utata, na neno barasi liachwe. Tatu, udhibiti wa vipodozi uwe wa kikanda. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha mwaka 2019 azimio dhidi ya vipodozi vyenye haidrokwinoni, lakini utekelezaji uko mikononi mwa nchi wanachama. Bujumbura iko karibu na mpaka wa Gatumba, unaoiunganisha na Uvira; marufuku ya upande mmoja haitazuia bidhaa zinazoingia kutoka upande wa pili.

5. Hitimisho

Biokemia ya mbalanga inatoa hoja dhidi ya unyanyapaa na kuonyesha mahali pa kuchukua hatua: kwenye kipimo cha zahanati, kwenye istilahi na kwenye forodha.