Betri ya Moyo Mbele ya Sumaku: Mgonjwa Asinyamaze

Natuseme mzee amepelekwa na mwanawe hospitali ili apigwe picha ya mgongo unaomwuma. Mlangoni pa chumba cha mashine mhudumu amwuliza: "Mzee wangu, una chuma cho chote mwilini?" Mzee ajibu: "La, mwanangu, sina." Wala hakukusudia kusema uwongo. Kile kitu alichotiwa chini ya ngozi ya kifua miaka sita iliyopita, nyumbani kwake huitwa betri ya moyo. Na betri, kwa fikira zake, si chuma. Mwanawe naye, ambaye ndiye aliyeijaza karatasi ya hospitali, hakuwapo siku babake alipotiwa kitu hicho, na hana habari nacho.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili kuwatia watu khofu. Twaandika kwa kuwa yapo makosa mawili katika jambo hili, na kila moja lina madhara yake. La kwanza ni la huyo anayenyamaza. La pili ni la yule aliyesikia zamani kwamba mwenye betri ya moyo asithubutu kuikaribia mashine ya picha, akakataa kila kipimo, na huku maradhi yake yanaendelea kumla ndani kwa ndani.

Betri hii ni kitu gani? Moyo wa binadamu hupiga kwa umeme mdogo unaozaliwa ndani yake wenyewe. Umeme huo ukidhoofika, au njia yake ikikatika, mapigo huwa ya polepole mno, na mtu hushikwa na kizunguzungu au huzimia. Hapo ndipo matabibu humtia kijisanduku chenye betri, kilichoungwa na waya mmoja au zaidi upitao katika mshipa hata ukafika moyoni. Mtu wa kwanza kutiwa kifaa cha namna hii mwilini alikuwa Arne Larsson, wa nchi ya Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Kilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist, na aliyekitia ni daktari Åke Senning. Kifaa hicho cha kwanza hakikudumu ila saa chache tu; lakini Larsson alibadilishiwa vingine zaidi ya ishirini, akaishi mpaka mwaka 2001, akafa na umri wa miaka 86, baada ya mhandisi na daktari wake wote wawili kutangulia. Leo vifaa hivi hutiwa hata katika miji yetu, kama Dar es Salaam na Nairobi.

Ama picha za hospitali, si zote za namna moja. Eksirei na CT hutumia miale; altrasaundi hutumia sauti isiyosikika kwa masikio. Hizi hazina sumaku, na mwenye betri ya moyo hupigwa bila ya taabu. Ni mara chache tu ambapo miale ya CT, ikielekezwa juu ya kijisanduku chenyewe, huweza kukivuruga kwa muda mfupi. Basi hata huko ni vyema mgonjwa aseme.

Shauri kubwa liko katika MRI. Mashine hii haina miale hiyo, bali ina sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Nyingi ya mashine hizi zina nguvu ya tesla 1.5, nayo ni kiasi cha mara 30,000 ya ile sumaku ya dunia igeuzayo sindano ya dira katika chombo cha nahodha. Tena kwa kawaida haizimwi, usiku wala mchana, hata kama hapana mgonjwa ndani.

Madhara yanayokhofiwa ni matatu. Kwanza, sumaku huweza kukivuta kifaa au kukigeuza kisifanye kazi kama alivyokipanga daktari. Pili, mawimbi ya redio huweza kuutia moto ule waya, ncha yake ikaiunguza nyama ya moyo. Tatu, kifaa huweza kuyadhania mawimbi ya mashine kuwa ni mapigo ya moyo, kikaacha kufanya kazi; na yule ambaye moyo wake haupigi ila kwa msaada wa kifaa, hilo kwake si jambo dogo. Kwa sababu hizi, kwa miaka mingi matabibu walikataza kabisa.

Lakini ilimu haikusimama. Mwaka 2008 ulianza kutumika huko Ulaya mfumo wa betri ya moyo uliobuniwa makusudi ili uweze kuingia katika MRI, na mwaka 2011 serikali ya Marekani ikaruhusu wa namna hiyo. Yapasa ifahamike vyema kwamba ruhusa hii ina masharti. Kijisanduku na nyaya, vyote viwili, viwe vya aina hiyo. Kijisanduku kipya kilichoungwa na waya wa zamani hakihesabiwi.

Na wenye vifaa vya zamani je? Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani uitwao MagnaSafe. Walipigwa picha za MRI, zisizokuwa za kifua, mara 1,000 watu wenye betri za moyo, na mara 500 wenye vifaa vya kuushtua moyo unapokwenda mbio za hatari, vyote visivyotengenezwa kwa ajili ya MRI. Hakufa hata mmoja katika chumba hicho, wala hapana waya ulioharibika. Kifaa kimoja tu ndicho kililazimika kubadilishwa mara moja. Sababu yake nini? Hakikupangwa kama ilivyotakiwa kabla ya mgonjwa kuingia.

Mazingatio yamo katika kile kifaa kimoja. Usalama haukuletwa na bahati, bali na utaratibu. Mtaalamu hukikagua kifaa kwanza, akakipanga kisidanganywe na mawimbi. Mapigo ya mgonjwa hutazamwa muda wote, na mashine ya kuushtua moyo huwa tayari. Kisha kifaa hurejeshwa katika hali yake ya kwanza kabla mtu hajakwenda zake. Aliyetiwa kifaa majuma machache tu yaliyopita, au aliyeachiwa mwilini waya mkuukuu usiotumika, hutakiwa uangalifu zaidi. Na mahali pasipo na mtaalamu wa kifanya kazi hiyo, daktari aulizwe kama CT au altrasaundi yaweza kutosha, au mgonjwa apelekwe kwingine.

Lakini utaratibu wote huo hauanzi mpaka mtu mmoja aseme. Kila anayetiwa betri ya moyo hupaswa kupewa kadi yenye jina la kifaa, namba yake, aina ya nyaya, na tarehe aliyotiwa. Kadi hiyo isifungiwe sandukuni pamoja na hati za shamba. Mgonjwa atembee nayo, na picha yake iwe katika simu ya mke, ya mume na ya watoto. Iwapo imepotea, iombwe nyingine katika hospitali aliyotiwa, maadamu yu mzima, wala isingojwe siku ya dharura.

Enyi vijana, nyinyi ndio mnaoshika kalamu na kujaza karatasi za wazee wenu. Mwulizeni baba, mama na bibi: umetiwa nini mwilini, wapi, na lini? Wazee wengine huona haya kuyataja maradhi yao, na wengine huona si jambo la kusema. Basi waulizeni kwa adabu na upole, nyumbani, mkiwa mmekaa. Na mkifika mlangoni pa chumba kile, wala hamna hakika, msijibu "hana". Semeni "hatujui", na mngoje mpaka itazamwe.