Projekta za Luthuli na giza la Pipeline

Jioni ya mwisho wa mwezi, Barabara ya Luthuli jijini Nairobi huwa na sinema za bure. Juu ya wufa zilizopangwa hadi karibu na dari, picha ya mchezaji akipiga penalti inacheza kwenye kipande cha ukuta, na wapita njia wanasimama. Tangu barabara hiyo ikarabatiwe mwaka 2019, magari yakapunguziwa nafasi na waenda kwa miguu wakaongezewa, angalau mtu anaweza kusimama bila kusukumwa na matatu. Picha inatoka kwenye kidude cheupe cha mviringo, kisichozidi thamosi ndogo. Kasha lake limeandikwa 4K, limeandikwa Android, limeandikwa lumeni kwa maelfu, na mkivutana kidogo bei inashuka chini ya shilingi 10,000.

Mtu wa Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji, aliyekuja kutafuta runinga ya inchi 32 anaanza kupiga hesabu upya. Runinga hiyo ni ghali kuliko kidude hiki, na kidude kinaahidi inchi 130. Huo ndio mvuto wa biashara yote. Lakini kasha halisemi neno kuhusu kitu kitakachoamua kama pesa hizo zimepotea au la, nacho ni chumba kidude kitakamowashwa.

Tuanze na lumeni, maana hapo ndipo uongo ulipojaa. Lumeni ni kipimo cha mwanga. Kipimo kinachoheshimika huitwa ANSI, na mwenzake wa kimataifa ni ISO 21118: unaonyesha picha nyeupe tupu, unaigawa sehemu tisa, unapima mwanga unaofika kila sehemu, unatafuta wastani, unazidisha kwa eneo la picha. Anayeandika 9,000 kwenye kasha la shilingi 8,000 hajapima hivyo. Pengine amehesabu mwanga wa taa ya LED kabla haujapita popote, pengine amechukua tarakimu iliyompendeza. Ndani ya projekta hizi ndogo kuna kioo kimoja cha LCD. Mwanga ukikutana na utando wa kuchuja mawimbi, karibu nusu yake hupotea. Vichujio vya rangi humeza kama thuluthi mbili ya kilichobaki, kisha lenzi nayo huchukua fungu lake. Kinachofika ukutani kwa kawaida ni lumeni za ANSI 100 au 200 hivi. Kampuni ya Epson, inayouza projekta za aina nyingine, imewashtaki wauzaji kadhaa katika mahakama za Marekani kwa kutangaza tarakimu za mwanga zisizo za kweli. Huku kwetu anayezitangaza ni kijana wa stoo aliyesoma kilichoandikwa kwenye kasha, na simlaumu sana.

Sasa chukua lumeni 200 za kweli uzipeleke ukutani. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25, yaani eneo la karibu mita mraba 2.8. Mwanga huo ukitandazwa humo, kila mita mraba inapata lumeni 72. Skrini ya jumba la sinema lenye viwango hupata kama 150. Kwa hiyo umejinunulia sinema yenye nusu ya mwanga wa sinema, tena taa zote zikiwa zimezimwa. Punguza picha iwe inchi 60 na eneo linashuka hadi karibu mita mraba moja. Mwanga ule ule sasa ni lumeni 200 kwa kila mita mraba, na uso wa mwigizaji unaanza kuwa na damu. Ukubwa unaotangazwa kwenye kasha ni ule ambao picha yake huwezi kuifurahia.

Umbali nao una sheria zake. Projekta nyingi za bei hii huhitaji mita tatu hivi kutupa picha ya inchi 100. Chumba cha kupanga cha kawaida Eastlands ni futi kumi kwa kumi, mita tatu na kidogo, na humo tayari kuna kitanda, kabati, mtungi wa gesi na ndoo za maji. Ukiondoa urefu wa kidude chenyewe na waya zake nyuma, unabaki na picha ya inchi 80 au 85. Usipange kuiweka pembeni halafu uinyooshe picha kwa kitufe. Kunyoosha huko hutupa pikseli, na pikseli zenyewe ni chache. Neno 4K kwenye kasha lina maana kwamba kidude kinakubali kupokea video ya 4K, kisha kinaipunguza mpaka ienee kwenye kioo chake, ambacho mara nyingi ni cha 1280 kwa 720, na kwa zile za chini kabisa ni 800 kwa 480. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kioo chenyewe kina pikseli ngapi? Akijibu kwa kutaja 4K, uliza tena.

Hapa ndipo mitaa ya Eastlands inapoachana. Buruburu, iliyoanza kujengwa mwaka 1973 kwa ajili ya wafanyakazi wenye mishahara ya kati, ina sebule za kweli na madirisha mapana. Sebule hiyo ikipigwa na jua la saa nane Jumamosi mchana, projekta ya lumeni 200 haionyeshi kitu, na hata ya lumeni 1,000 inaonyesha kivuli cha mechi. Runinga ya bei nafuu hung'aa mara nne au zaidi ya skrini ya sinema, na kwa mtazamaji wa mchana hakuna cha kushindana nayo. Mwenye nyumba ya Buruburu au Donholm anayetaka projekta ahesabu na bei ya pazia zito.

Pipeline, kule Embakasi, ni hadithi nyingine. Majengo ya kupanga yamepandishwa ghorofa sita, saba, nane, yakasogeleana hadi jirani wa jengo la pili anaweza kukupa chumvi kupitia dirishani. Vyumba vya ghorofa za chini huwashwa taa saa sita mchana. Wataalamu wa makazi wamelalamika miaka mingi kuhusu giza hilo, na wana haki. Lakini kwa hesabu ya projekta, chumba kile kinashinda sebule ya Buruburu. Ukizima balbu, lumeni 200 zinatosha. Sishangai kwamba vidude hivi vinauzika zaidi kwa vijana wa bedsita kuliko kwa wenye sofa.

Kinachoharibu mambo katika vyumba hivyo ni rangi ya ukuta. Wenye nyumba wengi hupaka rangi ya mafuta ya krimu, angalau hadi usawa wa kifua, ili mpangaji akihama ukuta upanguswe kwa kitambaa. Rangi hiyo hung'aa, na inarudisha mwanga kama doa moja jeupe katikati ya picha. Shuka nyeupe inapitisha mwanga kwa nyuma. Dawa ya bei ndogo ni kwenda kwa wachapishaji wa mabango mjini ukakatiwa kipande cha bango tupu lisilong'aa, kisha likashonwa mkunjo juu na chini kwa ajili ya fimbo.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni projekta za mtumba. Wauzaji huziita ex-UK, jina wanalozipa pia friji, redio na runinga zilizotumika Uingereza. Ni projekta za ofisi na madarasa, nyingi zikiwa Epson za vioo vitatu vya LCD, zenye lumeni 2,500 hadi 3,000 zilizopimwa kwa kiwango. Kwa bei ya runinga mpya ya inchi 43, au pungufu, unapata mwanga mara kumi na zaidi ya ule wa kidude cheupe. Ubaya wake ni umbo: nyingi zilitengenezwa kwa slaidi, zina pikseli 1024 kwa 768, na filamu inabaki na mistari miweusi juu na chini. Mimi ningevumilia mistari.

Washindani wako katika soko hilo ni makanisa. Ibada za Jumapili kwenye kumbi za shule na mabanda ya mabati, kuanzia Dandora hadi Utawala, huhitaji maneno ya nyimbo yasomeke saa nne asubuhi jua likiingia kila upande. Kazi hiyo haiwezekani bila lumeni 3,000. Ndiyo maana projekta nzuri ya mtumba haikai sana kwenye rafu, na ndiyo maana bei yake haishuki hata kidude cheupe kinaposhuka.

Ukiipata, usiilipie kabla hujafanya mambo mawili. Fungua menyu utazame saa ambazo taa imetumika. Taa za aina hiyo hudumu saa 3,000 hadi 5,000, na taa mpya halali inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya projekta yenyewe. Kisha mwambie muuzaji aonyeshe picha nyeupe tupu. Madoa ya manjano au buluu yanakuambia utando wa ndani umeungua kwa joto. Ikiwa ni aina ya DLP, teknolojia ya vioo vidogo vidogo iliyobuniwa Texas Instruments mwaka 1987, tafuta vinukta vyeupe vilivyotapakaa kama nyota. Vikianza kuonekana huongezeka, na dawa yake ni kubadilisha chipu. Muuzaji atakuonyesha video ya samaki wenye rangi nyingi. Kataa samaki.

Stima ndiyo inayokirudisha mchezoni kidude cheupe chenye LED. Projekta ya taa, kama hizo za mtumba, hula wati 300 hivi. Ukitazama saa mbili kila usiku, ni uniti 18 kwa mwezi. Tangu 2023 mteja wa nyumbani anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa kiwango cha chini kabisa cha Kenya Power, na mpangaji wa chumba kimoja mwenye balbu mbili, simu na wufa huwa humo. Uniti 18 zaidi zinaweza kumtoa, na bei ya kila uniti, si hizo 18 tu, ikapanda. LED ya wati 60 hula uniti 3.6 kwa matumizi yale yale. Tena stima ikipotea katikati ya filamu, LED itaendelea kwa betri ya sola ya kawaida yenye inverta ndogo. Ile ya taa itazimika ghafla, feni isipate nafasi ya kupoza taa, na umri wa taa unapungua. Na kwenye ploti ambako mwenye nyumba ameingiza stima ndani ya kodi na kupiga marufuku koili na pasi, kifaa cha wati 300 kinachovuma usiku kitakuletea maneno na keyateka.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hawalitilii maanani. Juni 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, unaotumia vifaa vya bei rahisi vya Android, vingi vikiwa vimetengenezwa China. Orodha yake ilitaja projekta pamoja na visanduku vya runinga. Kifaa hufika kikiwa tayari kimeambukizwa, au huambukizwa unapoweka programu za mwanzo, kisha intaneti yako inakuwa njia ya wahalifu kupitishia mambo yao. Eastlands, ambako Wi-Fi moja huhudumia ghorofa nzima, kifaa kimoja kinawachafulia majirani. Sisemi kila kidude cheupe ni kibovu. Nasema usiingize humo barua pepe unayotumia kwa mambo ya benki. Programu kama Netflix, kwenye vifaa visivyoidhinishwa, mara nyingi hukataa kufunguka au hutoa picha hafifu. Chomeka laptopu au kijiti cha runinga chenye jina kwenye tundu la HDMI, na uache projekta ifanye kazi moja ya kutoa mwanga. Dekoda nayo huingia hapo hapo, kwa kuwa projekta nyingi hazina kipokezi cha matangazo.

Sauti haina haja ya maneno mengi. Spika ya ndani ni ya redio ya jikoni. Tumia wufa uliyonayo, kwa waya, kwa sababu Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti na midomo ikatangulia.

Vumbi ni la kuongelewa zaidi kuliko linavyoongelewa. Projekta nyingi za bei ya chini hupoza kioo kwa hewa ya nje inayopita moja kwa moja ndani. Ukiwa Njiru au Ruai mwezi wa Februari, barabara ikiwa haijawekwa lami, baada ya miezi michache unaona mabaka kwenye picha. Mafundi wa mjini huifungua na kuisafisha. Zile ambazo sehemu ya lenzi na kioo imezibwa zinagharimu zaidi, na hapo ndipo ningeongeza pesa kabla ya kulipia lumeni za ziada.

Wanaonunua kwa biashara, yaani wenye vibanda vya mpira na sinema za DJ Afro, aliyejipatia jina kwa kusimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili, tayari wanajua mengi ya haya, kwa kuwa mteja aliyelipa kiingilio haoni aibu kupiga kelele picha ikififia. Wengi wao walirudi kwenye runinga kubwa mbili au tatu. Wengine wanatazama AFCON ya 2027, itakayochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na kuulizia tena projekta. Kwao gharama inaanzia mbali na Luthuli: kulipisha watazamaji filamu kunahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu, na kifurushi cha dekoda cha nyumbani hakiruhusu kukaribisha umma kwa kiingilio.

Kwa mwenye chumba cha giza na shilingi zisizozidi 15,000, kidude cheupe chenye kioo cha 720 kinatosha, picha ikibaki inchi 60. Mwenye 25,000 na subira ya Jumamosi tatu mjini atafute ex-UK yenye saa chache. Na mwenye sebule ya jua, watoto wa kutazama katuni mchana na mama anayetaka habari za saa saba, akanunue runinga ya inchi 43 aende nyumbani.