Upimaji wa moshi wa magari yaliyoongezwa nguvu

Upimaji wa moshi wa magari ni ukaguzi wa gesi na masizi yanayotoka kwenye ekzosi, ili kujua kama gari linachafua hewa kupita kiwango kilichowekwa. Nchini Tanzania viwango hivyo vimo katika kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Gari la petroli hupimwa monoksidi kabonia na hidrokaboni. La dizeli hupimwa weusi wa moshi. Gari lililoongezwa nguvu hushindwa hasa kwa sababu mbili: masega ya ekzosi yameondolewa, au injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Masega hugeuza monoksidi kabonia, ambayo ni sumu, kuwa dioksidi kabonia.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mwinuko huongeza tatizo. Ziwa Viktoria lililo jirani liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji ya Tarime na Mugumu iko juu zaidi, hivyo hewa yake ni nyepesi. Gari la dizeli lisilo na turbo, lililoongezewa mafuta kwenye pampu likiwa Dar es Salaam, hutoa moshi mweusi zaidi likifika huko.

Ili gari la petroli lipite, fundi hurudisha masega na kukagua sensa ya oksijeni. Kwa dizeli, hupunguza mafuta kwenye pampu na kubadilisha kichujio cha hewa. Injini hupashwa moto kwanza, kwa kuwa masega yakiwa baridi hayasafishi moshi. Turbo yenyewe si kosa: ikileta hewa inayotosha mafuta, gari huweza kuwa na nguvu na bado likapita.