Mtoi wa Nyuma ya Klasi Si Mjinga: Cheki Venye Darasa Linafaa Kumbeba

Kila klasi ilikuwa na huyo msee. Anakaa nyuma kabisa karibu na ukuta, na ticha akimuita lazima amuite mara tatu. Amerudia darasa la nne hadi yunifomu imekuwa fupi. Akisimama kusoma, nyinyi mnaanza kucheka kabla hata afungue mdomo. Halafu muhula mmoja hakurudi, na hakuna mtu aliuliza alienda wapi. Siku hizi pengine unamuona steji akiita abiria, na hesabu ya nauli anapiga kwa kichwa haraka kukushinda.

Sasa jiulize kitu kimoja: kuna mtu aliwahi kumpima masikio? Macho je?

Hapo ndio kuna ngori. Ukitaja mwanafunzi mwenye ulemavu, watu wengi wanawaza kiti cha magurudumu ama fimbo nyeupe. Lakini kuna watoi wengi darasani wenye shida yao huwezi kuiona kwa macho. Huyu anasikia nusu ya kenye ticha anasema. Yule ubao anauona kama ukungu. Mwingine ana akili ya moto lakini herufi zinamchezea kwa karatasi. Hawa ndio huitwa wazembe, na ndio hula viboko vingi. By the way, viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia hivyo hivyo. Na hata bila sheria, kumchapa mtoi kwa sababu hakusikia swali haijawahi kumfanya asikie.

Kama wewe ni ticha intern, ama BOM wamekuajiri juzi, ama ni wewe unamsaidia siz yako mdogo na kazi ya nyumbani, hii ni yako.

Tuanze na masikio. Mtoi anaweza kupoteza usikivu polepole kwa sababu ya usaha wa masikio usiotibiwa, kitu ambacho huku mtaani kinachukuliwa kama homa tu. Cheki dalili: anasema "eh?" kila saa, anaongeza sauti ya TV, anaangalia mdomo wako badala ya macho, ama anabonga kwa nguvu bila sababu. Ukimuita kwa nyuma hageuki, na wewe unadhani ni kiburi.

Usaidizi wake hauhitaji doo. Mweke karibu na mbele, na kama sikio moja ndilo zima, hilo liwe upande wa ticha. Usibonge ukiwa umeangalia ubao, sababu maneno yanaenda kwa ukuta. Usisimame mbele ya dirisha pia, maanake mwanga ukitoka nyuma yako, uso unakuwa giza na midomo haisomeki. Na mvua ikinyesha kwa mabati, manze, hapo hata wenye masikio mazima hawasikii kitu, so andika. Wengine wanadhani mashine ya kusikia ni kama miwani, ukivaa umepona. Zii. Mashine inakuza kila kitu: sauti ya ticha, kelele za madawati, mathree inayopita nje.

Kwa wanafunzi viziwi kabisa, mambo ni tofauti. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kizungu cha mikono. Ni lugha kamili, ina sarufi yake, na Katiba ya 2010 imeiweka kama mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ndio maana insha ya mwanafunzi kiziwi inaweza kuja na mpangilio wa maneno unaokushangaza. Anaandika lugha yake ya pili, pengine ya tatu. Kwa mitihani ya kitaifa wengi wao hufanya Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili, na hiyo ni haki tupu.

Macho sasa. Mtoi anayegusisha pua na kitabu, ama anayenakili kwa daftari ya jirani badala ya ubao, hapigi chabo. Anatafuta maandishi. Andika kubwa, chaki nyeupe kwa ubao mweusi wa ukweli, si ule umechakaa ukawa kijivu. Soma kwa sauti kila kitu unachoandika. Ticha wa hesabu akisema "hii tukitoa hii tunapata hii" akidonoa ubao, mwanafunzi asiyeona ameachwa stejini. Sema namba. Haikuchukui hata sekunde mbili zaidi.

Kwa watoi wenye ualbino wengi hukosea hapa: wanawaweka mbele kabisa, kando ya dirisha, ati ndio waone. Ualbino huja na uoni hafifu, lakini mwanga mkali pia unawaumiza macho. Mbele ndiyo, ila upande wenye kivuli. Waruhusu wasimame waende hadi kwa ubao bila kuomba ruhusa kila dakika. Kofia na shati la mikono mirefu zihesabiwe kama yunifomu, na gwaride la saa sita juani wasiwekwe.

Lakini ile noma zaidi ni ya kusoma. Kuna hali inaitwa disleksia, ambapo ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti. Haina uhusiano na ujinga. Mtoi anasoma neno kwa mstari wa kwanza, mstari wa tatu neno ni lile lile na amelisahau. Ukimuuliza swali la sayansi kwa mdomo anakupea jibu safi, ukimpea karatasi anaanguka.

Na hapa Kenya inajificha vibaya, kwa sababu Kiswahili unakisoma venye kimeandikwa. "Ba" ni "ba" leo na kesho. Mtoi wa disleksia anaweza kujikokota na Kiswahili, pole pole lakini anafika. Akigeukia Kiingereza, ambapo herufi zile zile zinabadilisha sauti kila neno, anazama. Ticha anaona Kiswahili iko sawa kiasi, Kiingereza iko chini, anaandika kwa ripoti "hana bidii". Mbuyu akisoma hiyo ripoti, unajua kenye kinafuata.

Huyo usimsimamishe asome mbele ya wote bila kumwambia mapema. Mpe aya jana ajizoeze, ama mpe swali ajibu kwa mdomo. Mpe kipande cha karatasi afunike mistari mingine asome mmoja mmoja. Muda pia. Na usimkatie maksi za Historia kwa sababu ya tahajia. Historia anaijua.

Kuna wale hawawezi kukaa kitako dakika kumi. Mtume akaokote vitabu, akafute ubao, gawa kazi vipande vidogo. Wenye usonji wengi wanapenda kujua kitu gani kinafuata, so andika ratiba ya siku kwa kona ya ubao na ukiibadilisha wajulishe mapema.

Kiti cha magurudumu nacho watu hufikiria mlango wa darasa tu. Fikiria choo. Mtoi ambaye choo hakiingiliki huacha kunywa maji kutoka asubuhi hadi afike nyumbani, na hakuna mtu atamuuliza. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180 hivi, yaani kila sentimita ya kupanda ipate 12 za urefu. Ule mteremko mkali fundi huweka ndio picha ipigwe, hata wewe kwa miguu utateleza.

Sasa, hizi zote haziondoi kazi ya serikali. Mgao wa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na klasi ina watoi sitini ama sabini. Ticha mmoja hawezi kufanya miujiza, na ukimlaumu yeye pekee unamuonea. Pia si kila mtu atafaidika na shule ya kawaida. Thika kuna shule ya wasioona tangu 1946, na mtoi kiziwi akiwekwa klasi ambayo hakuna hata mmoja anajua ishara, hiyo si kujumuishwa. Ni upweke wa kuvaa yunifomu. Sera ya 2018 inataka shule zijumuishe wote, na Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema hivyo pia, ila kinaongeza kitu muhimu: mradi inaendana na maslahi ya mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni tathmini. Tangu 1984 kuna vituo vinavyoitwa EARC, kazi yao ni kupima watoi na kushauri shule gani na usaidizi gani unawafaa. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu kilipo cha karibu. Pia Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, pale Kasarani, ina kituo chake cha tathmini. Chini ya mtaala mpya, mtoi ambaye hawezi kufuata gredi za kawaida ana njia yake inayoenda kwa hatua, hadi ufundi, bila kurudishwa darasa la nne mara tatu.

Ile ripoti iweke vizuri. Baraza la mitihani, KNEC, huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa na kuongeza muda kwa wanaohitaji, lakini lazima shule imsajili mtoi kama mwenye mahitaji maalum wakati wa usajili. Wiki ya mtihani ukienda kuomba, umechelewa. So mathe akienda shule siku ya wazazi, asiulize amekuwa namba ngapi peke yake. Aulize: ripoti ya tathmini iko kwa faili, na usajili unafungwa lini?