Kweli au Uzushi: Sindano ya Botox na Uso Wako

Watu wa mwambao hawajawahi kuona haya kuutunza uso. Kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo, bibi harusi bado anasingwa kwa liwa na singo, anafukizwa udi, na somo yake hamwachi mpaka ngozi ing'ae. Siku hizi mazungumzo ya urembo yamepata mgeni, nayo ni sindano. Kando ya Barabara ya Bagamoyo, kwenye saluni, kwenye simu na kwenye sherehe, jina la Botox linatajwa, na kila anayelitaja ana lake. Mmoja anaogopa sumu. Mwingine anataka apunguziwe miaka. Wa tatu ameambiwa kwamba itamtibu jicho linalofumba lenyewe.

Liwa hukaa juu ya ngozi na hutoka kwa maji. Sindano hii huingia ndani ya msuli, na haiondoki mpaka muda wake uishe. Kwa hiyo ni dawa, na inastahili kuulizwa maswali yote ambayo dawa huulizwa. Tuyapime yanayosemwa, moja baada ya jingine.

1. "Ile ni sumu."

KWELI. Tena ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayeishi udongoni na kwenye matope ya mito na bahari. Neva inapotaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii hukata protini inayowezesha umwagaji huo, amri haifiki, na msuli unalegea. Ikienea mwilini, hulegeza hata misuli ya kuhemea, na mtu anaweza kufa. Ikiwekwa kidogo mno ndani ya msuli mmoja, kwa kawaida hulegea huo tu.

Mapema katika miaka ya 1820 daktari Mjerumani Justinus Kerner, aliyechunguza vifo vilivyotokana na soseji zenye sumu hii, aliandika kwamba huenda siku moja sumu hiyo ikatumika kutibu. Leo kipimo kilichoidhinishwa kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi ni yuniti 20 za Botox, zikigawanywa sehemu 5. Sumu na dawa hapa ni kitu kimoja. Kinachoamua ni kipimo na mahali inapowekwa.

2. "Hayo ni mambo ya maabara za Ulaya, huku kwetu hayapo."

SI KWELI. Bakteria huyu hajui mipaka. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya watu waliopata botulizimu, yaani ugonjwa unaoletwa na sumu hii, nchini Kenya baada ya kula kumbikumbi. Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni nchini Uganda waliugua ugonjwa huo huo na mmoja akafariki. Wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Misri, Aprili 1991, watu zaidi ya 90 walilazwa na 18 wakafa kwa sababu ya fasikhi, samaki anayetiwa chumvi bila kutolewa matumbo.

Bagamoyo ni mji wa samaki, kwa hiyo habari hiyo ya Misri inatuhusu. Wanaotengeneza ng'onda humpasua samaki, humtoa matumbo, humtia chumvi ya kutosha na kumwanika juani. Hakuna hatua ya kurukwa hapo, kwa sababu bakteria huyu hustawi pasipo hewa, penye unyevu na chumvi haba. Chakula kikichemka vizuri sumu huharibika, lakini mbegu za bakteria hustahimili maji yanayochemka. Na mama anayelea azingatie hili: mtoto wa chini ya miezi 12 asirambishwe asali, maana mbegu hizo zinaweza kuwamo na tumbo lake bado halina uwezo wa kuzizuia.

3. "Ni anasa ya matajiri wanaokimbia uzee."

SI KWELI. Tiba ilitangulia, urembo ukafuata. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu, na mwaka 1980 akachapisha matokeo ya kuwadunga wagonjwa sumu hii. Desemba 1989 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojikaza. Kule Vancouver, Canada, daktari wa macho Jean Carruthers aliona kwamba wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza makunyanzi ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaandika juu ya jambo hilo mwaka 1992. Idhini ya FDA kwa makunyanzi ilikuja Aprili 2002. Mwaka 2004 ikafuata ya jasho jingi la kwapani, na mwaka 2010 ya kipandauso sugu, ambacho hudungwa yuniti 155 katika sehemu 31 za kichwa na shingo.

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa watu wa pwani. Jicho likicheza, tunasema kuna habari inakuja. Kucheza kwa kawaida, kwa uchovu au usingizi haba, huisha kwenyewe na hakuhitaji sindano. Lakini yuko mtu ambaye kope zote mbili hujikaza na kufumba bila hiari yake, mpaka hawezi kuvuka barabara wala kusoma. Yuko mwingine ambaye nusu ya uso wake huvutwa na kutetemeka mchana na usiku. Wengi wao huambiwa wana jini au wamepigwa na upepo, wakazungushwa kwa waganga miaka na miaka. Hayo ni maradhi ya neva na misuli, yana majina yake hospitalini, na sindano hii ni mojawapo ya tiba zake bora zaidi. Mwenye tatizo hilo aanze kwa daktari wa Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, aombe rufaa kwa daktari wa macho au wa mishipa ya fahamu. Hana sababu ya kuona aibu.

4. "Uso ukipinda ghafla, Botox itaunyoosha."

SI KWELI, na kuisadiki kauli hii kunaweza kuua. Uso uliopinda ghafla unaweza kuwa kiharusi. Ikiwa mkono nao umelegea au maneno hayatoki sawasawa, kila dakika ina thamani na mahali pa kwenda ni hospitali. Upo pia ugonjwa wa neva ya uso, ambao wengi hupona wakipewa dawa mapema. Sindano ya kulegeza msuli hairudishi nguvu kwenye msuli uliopooza. Hutumika baadaye tu, kwa baadhi ya wagonjwa ambao uso umebaki ukijivuta au macho yanafumba kila wanapotabasamu.

5. "Inajaza midomo na mashavu, na ipo ya kupaka na ya nywele."

SI KWELI. Botox haijazi chochote. Hulegeza msuli, na kunyanzi linalotokana na kukunja uso linafifia. Kunyanzi lililokwisha kuchimbika na kuonekana hata uso ukiwa umetulia linaweza lisiondoke lote. Kinachojaza midomo na mashavu ni dawa nyingine kabisa, mara nyingi asidi ya hayaluroniki, na hatari zake ni nyingine: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, na mara chache hata kupofusha.

Krimu "yenye nguvu ya Botox" haiwezi kufanya kazi ya sindano, kwa kuwa molekuli ya sumu hii ni kubwa mno kupenya ngozi nzima. Nayo "botox ya nywele" ya saluni ni dawa ya kulainisha nywele iliyoazima jina. Haina sumu ya botulini ndani yake.

6. "Haifai kwa ngozi nyeusi."

SI KWELI. Dawa hii hufanya kazi kwenye msuli, na msuli hauna rangi. Kipimo hufuata ukubwa na nguvu ya msuli. Lenye ukweli ni kwamba melanini hutukinga kwa kiasi na jua, hivyo makunyanzi madogo madogo ya jua huchelewa kwetu. Basi mtu wa miaka 25 anayeambiwa adungwe haraka "kabla hajachelewa" anauziwa hofu. Kofia, kivuli na kuacha sigara vitamsaidia zaidi, na mkorogo utamharibu kuliko kunyanzi lolote.

7. "Ukianza huwezi kuacha, na ukiacha unazeeka maradufu."

SI KWELI. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hufikia kilele karibu wiki ya pili, na kwa kawaida hudumu miezi 3 hadi 4. Neva hujijenga upya, msuli hurudi kukaza, na uso hurudi kama ulivyokuwa. Hilo lina pande mbili: kope iliyoanguka kwa kudungwa vibaya nayo itainuka, lakini mwenyewe anaweza kungoja kwa wiki kadhaa. Pia ni gharama isiyokoma kwa anayetaka kudumu nayo, na hilo lipimwe mapema pamoja na ada za shule na mahitaji mengine ya nyumba.

8. "Ni haramu."

SWALI LA WANAZUONI. Kwenye lebo, viambato vya Botox ni vitatu: sumu yenyewe, chumvi, na albumini, ambayo ni protini ya damu ya binadamu. Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliikataza kwa urembo na kuiruhusu kwa sababu za kitabibu. Mwenye shaka apeleke viambato hivyo na sababu yake ya kudungwa kwa sheikh anayemwamini. Mgonjwa asijinyime tiba kwa maneno ya barazani.

9. "Yeyote anayejua kuchoma sindano anaweza kuifanya."

SI KWELI, na hili ndilo linaloumiza wengi. Uso una misuli midogo iliyokaribiana. Kukosea kidogo tu kunatosha kuangusha kope au kupindisha tabasamu. Mwaka 2004, huko Florida, watu wanne walipooza na kuwekwa kwenye mashine za kupumulia baada ya kudungwa sumu ya utafiti isiyoruhusiwa kwa binadamu. Aprili 2024 vituo vya udhibiti wa magonjwa vya Marekani vilitangaza kwamba watu 22 katika majimbo 11 walidhurika kwa dawa bandia au iliyotumiwa vibaya. Baadhi yao walidungwa majumbani au na watu wasio na leseni. Ikiwa hayo hutokea huko, sisi tuwe macho maradufu.

Dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto letu na umeme unaokatika, kichupa kilichosafirishwa mfukoni au ndani ya mkoba hakina dhamana. Vilevile yuniti za chapa moja si sawa na za nyingine. Anayebadilisha Botox kwa chapa nyingine kama Dysport bila kujua hesabu anaweza kuzidisha kipimo.

Hapa Tanzania, tangu 2019 vipodozi husimamiwa na shirika la viwango, TBS, na dawa na vifaa tiba husimamiwa na mamlaka yake, TMDA. Hii ni dawa, basi anayeiuza kama kipodozi amekwisha kukuonyesha kwamba hajui anachokishika. Anayedunga awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mwenye mafunzo ya kazi hiyo. Mwambie kama una mimba au unanyonyesha, kama una ugonjwa wa misuli kama myasthenia gravis, au kama unatumia viuavijasumu vya jamii ya gentamisini, kwa kuwa vinaweza kuiongezea sumu hii nguvu.

Basi ndugu msomaji, kabla hujainua uso kudungwa, uliza mambo manne: jina na usajili wa daktari, jina la dawa na tarehe yake ya kuisha, kichupa kilikuwa kwenye friji gani, na yuniti ngapi zitatumika. Taka kichupa kifunguliwe mbele yako. Baada ya sindano, hata zikipita wiki, ukiona shida ya kumeza, kuhema, kuongea au kuona vitu viwili viwili, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ulichodungwa. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne asiguse uso wako.